UKURASA WA FAMILIA: Kuta zetu ziwasimulie watoto tulikotoka



  

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya hadithi za jioni na namna ya kuwasimulia watoto habari za kwetu. Wengi mmetujibu, wengine kwa barua, wengine mlitusimamisha njiani. Jibu moja lilirudiwa na watu wengi: eti tunasimulia, lakini watoto hawakai kusikiliza, na wale wazee wenye kujua mambo wanatutoka mmoja mmoja. Neno hilo halikutuacha. Kwa hiyo mwezi huu tunaendelea na jambo lile lile, ila kwa njia nyingine. Tunataka kuongea juu ya picha kubwa za ukutani, zile ambazo watu wa mtaa wanakaa pamoja, wanakubaliana, halafu wanachora historia yao wenyewe mahali ambapo kila mpita njia anaiona.

Tunajua kuna atakayesema, "Nyinyi nanyi! Mgao hautoshi, kuni shida, mnatuletea habari za rangi?" Hilo ni swali la haki na hatulikwepi. Rangi haijazi tumbo. Lakini tuangalie na upande wa pili. Tunaye mtoto aliyezaliwa hapa hapa kambini. Leo ni kijana mkubwa, pengine ana mtoto wake. Kila siku anaambiwa "kwenu ni kule", na kule hajawahi kukanyaga. Ukimwuliza jina la mto wa kijiji cha babu yake, hajui. Ukimwuliza kwa nini tuliondoka, anajua nusu, na nusu hiyo ameiokota kwa wenzake kwenye uwanja wa mpira. Hilo nalo ni pengo, na hakuna lori la mgao linaloleta kitu cha kuliziba. Ni kazi yetu wenyewe.

Tuanze na mfano wa mbali, halafu turudi kwetu.

UKUTA MREFU WA LOS ANGELES

Huko Marekani, katika mji wa Los Angeles, kuna bonde ambalo zamani lilikuwa na mto wa kawaida. Mto huo ulikuwa ukifurika, basi serikali ikaufunga kwa saruji chini na pembeni, ukawa mfereji mkubwa mkavu wa kupitishia maji ya mvua. Ulizuia mafuriko, ndiyo, lakini ukabaki kitu kibaya machoni. Mwaka 1974 wahandisi wa jeshi waliokuwa wakiusimamia walimfuata mchoraji mmoja mwanamke, Judith Baca, mzaliwa wa mji huo huo, wa familia yenye asili ya Meksiko. Walitaka apapendezeshe mahali pale.

Yeye akaona zaidi ya kupendezesha. Aliutazama ule mfereji kama kovu kwenye mwili wa nchi, akasema kovu hilo lichorwe historia ya watu ambao vitabu vya shule viliwasahau.

Kazi ya kuchora ilianza kiangazi cha mwaka 1976. Nani walichora? Siyo mafundi wakubwa peke yao. Walikuwa vijana 80 walioletwa na idara za sheria, yaani vijana waliokuwa wameanza kuingia matatani na polisi. Pamoja nao walikuwepo wachoraji 10 na wanahistoria 5. Kiangazi hicho kimoja walimaliza kiasi cha mita 300. Wakarudi tena mwaka 1978, 1980, 1981 na 1983. Mpaka mwisho vijana zaidi ya 400 walikuwa wameshika brashi pale, na kazi hiyo walilipwa. Ukuta wenyewe una urefu wa mita 840 hivi na kimo cha mita 4. Ukiufuata kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho, ni mwendo wa dakika kama kumi, na njia nzima unatazama picha.

Na picha za nini? Hapa ndipo tunapotaka msikilize vizuri.

Inaanza na wanyama wa kale na wenyeji wa kwanza wa pwani ile, watu wanaoitwa Wachumash. Inakuja kwa waanzilishi wa mji mwaka 1781. Watu wengi hawajui kwamba zaidi ya nusu ya walowezi wale 44 walikuwa na damu ya Kiafrika. Wapo vibarua wa Kichina. Wapo watu wa asili ya Meksiko waliofukuzwa kwa wingi katika miaka ya 1930, hata wale waliozaliwa Marekani kabisa. Wapo wakulima waliokimbia ukame na dhoruba za vumbi miaka hiyo hiyo, wakafunga vyombo vyao kwenye magari machakavu na kuelekea California. Picha yao inaitwa kwa jina la wakimbizi. Wapo Wajapani wa Marekani ambao mwaka 1942, wakati wa vita, walitolewa majumbani mwao wakawekwa kambini. Walikuwa watu kama 120,000, wengi wao raia. Zipo familia zilizoondolewa katika bonde la Chavez Ravine miaka ya 1950, na baadaye mahali pao pakajengwa uwanja wa mchezo.

Mmeona? Kwenye ukuta mrefu wa nchi tajiri kuna wakimbizi, kuna waliofukuzwa, kuna waliokaa kambini. Wajukuu wao wanapita pale wanasema, "Huyu ni babu. Haya yalimpata, na hakuyastahili." Siyo aibu tena, ni historia.

Jambo lingine la kujifunza ni namna walivyofanya. Hawakuanza na rangi. Walianza na maswali. Wanahistoria walileta habari, watu walioishi mambo yale waliitwa wakahojiwa, vijana wakasikiliza, wachoraji wakachora kwanza kwenye karatasi, picha zikajadiliwa na kubadilishwa. Ndipo ukuta ukaguswa. Na vijana wale walitoka mitaa mbalimbali na rangi mbalimbali, mitaa mingine haielewani kabisa. Ikabidi kijana mweusi, Mmeksiko, Mzungu na wa asili ya Asia wasimame pamoja wakichora uso mmoja. Mwenye kuchora jicho anamngoja mwenye kuchora mdomo. Hapo ugomvi unapungua wenyewe, maana kazi haiendi bila mwenzako.

Ukuta huo uko hadi leo. Jua na maji viliufifisha, ukakarabatiwa, na ukarabati ulikamilika mwaka 2011. Mwaka 2017 uliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Katika miaka ya 2023 na 2024 wachoraji walikuwa wakiendelea na sehemu mpya, za miaka ya 1960 na kuendelea. Historia haiishi, basi na ukuta hauishi.

KWETU NAKO KULIKUWA NA WACHORAJI

Asije mtu akasema mambo haya ni ya Wazungu. Wazee waliotoka Katanga, au waliofanya kazi kule migodini, watakumbuka picha zilizokuwa zikitundikwa sebuleni. Mamba muntu, yule mwanamke wa majini. Picha za koloni la Ubelgiji, askari anachapa mfungwa mjeledi huku Mzungu anasimamia. Picha za Lumumba. Hazikuchorwa na watu waliosomea Ulaya. Zilichorwa na vijana wa mtaani, mara nyingi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakaziuza kwa wafanyakazi wa kawaida.

Mmoja wao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1947. Huyu hakuridhika na kuuza picha moja moja. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, picha kama 100, kuanzia wakati wa mababu, kuja kwa Wabelgiji, uhuru wa mwaka 1960, hadi siku zake mwenyewe. Kila picha aliieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Shaba, Kiswahili kile kile ambacho wengine wetu tunachekwa nacho tukikizungumza hapa. Mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, alimrekodi, na mwaka 1996 maneno yale yalitoka kitabuni. Kiswahili chetu kimo humo.

Watu wa Katanga walikuwa na neno zuri kwa picha za namna hiyo. Waliziita ukumbusho. Maana yake mgeni akiingia ndani, akitazama ukutani, swali linatoka lenyewe, "Hii ni nini?" Na mwenye nyumba anaanza kusimulia. Picha ndiyo inayofungua mdomo.

Hapo ndipo tunapata jibu kwa wazazi waliotuandikia. Mtoto hakai kusikiliza kwa sababu umemwita aje asikilize. Lakini kila siku anapita kwenye ukuta mmoja akienda shule. Siku moja ataona kitu asichokijua, naye ndiye atakuja kuuliza. Mtoto aliyeuliza mwenyewe anasikiliza hadi mwisho.

NANI ATACHORWA?

Sasa tuje kwenye jambo gumu, na tuliseme wazi. Kambi yetu siyo kijiji kimoja. Tumetoka Fizi, Uvira, Baraka, Kalemie. Wengine tumetoka Burundi, mikoa mbalimbali. Tuna lugha nyingi, makanisa na misikiti mingi, na tuna maumivu ambayo hayafanani. Aliyemfanyia mtu ubaya kule, pengine ni ndugu wa jirani yangu hapa. Tukisema "tuchore historia yetu", neno "yetu" lenyewe linaweza kuwasha moto.

Kuna atakayetaka ichorwe nyumba inayoungua. Atasema, "Huo ndio ukweli, msituzibe mdomo." Ana haki yake. Lakini kuna mama ambaye akiona picha ya nyumba inayoungua hatalala usiku. Na ukuta huo uko karibu na bomba, naye anapita pale asubuhi na jioni. Huyo maji atateka wapi? Naye ana haki.

Wale wa Los Angeles walichora mambo machungu, ni kweli. Lakini waliyachora miaka mingi baada ya kutokea, katika mji ambao watu wake walikuwa wanakaa majumbani mwao. Kidonda chao kilikuwa kimeanza kukauka. Chetu, kwa wengine, bado kibichi.

Basi sisi tunatoa shauri hili, mlijadili. Kabla ya kuchora, wazee, wamama, vijana na viongozi wa kijiji wakae, na kila mtu aseme anachotaka kionekane. Yote yaandikwe. Halafu yagawanywe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mambo ambayo hakuna anayeyakataa. Haya ni mengi kuliko tunavyodhani. Ziwa Tanganyika ni moja, nchi ni nne. Wavuvi wa Uvira, Baraka, Rumonge na Kigoma wote wanatoka usiku na taa zao, na samaki wao ni yule yule mdogo, wengine tunamwita ndagala, wengine dagaa. Mawese, mihogo, sombe. Ngoma. Mama anayetwanga. Mikeka. Shule yetu ya kwanza hapa kambini, chini ya mti. Hayo yachorwe kwanza.

Fungu la pili ni mambo yanayouma, lakini yanaweza kusemwa bila kumnyooshea mtu kidole. Safari ya miguu na mtoto mgongoni. Mtumbwi uliojaa watu usiku. Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka 1996 na miaka iliyofuata, wengine walivuka mpaka wa nchi kavu mwaka 2015, na tulibeba karibu vitu vile vile, sufuria, godoro, na karatasi za shule zilizofungwa kwenye nailoni. Mrundi na Mkongomani wakitazama picha hiyo, kila mmoja atajiona. Na wachorwe pia wenyeji wetu Waha waliotupokea, waliotuuzia au kutupa mihogo siku zile. Historia yao na yetu imeshachanganyika, na mgeni akisahau aliyempokea amejivunjia heshima mwenyewe.

Fungu la tatu ni mambo yanayotugawa. Nani alianza, nani aliua nani, nani alistahili kutawala. Haya yasiende ukutani. Kwanza sheria za kambi haziruhusu siasa, na picha ya bendera au kiongozi ni siasa hata kama mchoraji hakukusudia. Pili, usalama wa watu. Lakini, na hapa tunaomba tueleweke, yasitupwe. Yaandikwe kwenye daftari, jinsi kila mzee anavyosimulia, hata kama mmoja anapingana na mwingine. Daftari likae mahali salama, kwa watu wanaoaminiwa na pande zote, bila majina ya watu walio hai. Siku yake itafika. Kusubiri siyo kusahau.

Na jambo moja la tahadhari. Msichore sura ya mtu aliye hai inayotambulika, wala msiandike jina lake. Wako kati yetu waliokimbia kwa sababu wanatafutwa wao wenyewe. Mtu ni lazima akubali kwanza, na hata akikubali, mfikirie mara mbili.

Mkiona majadiliano yanachukua wiki mbili, tatu, msikate tamaa. Penye wengi pana mengi. Kusema kweli, hata kama ukuta hautachorwa kamwe, kile kikao cha wazee na vijana kitakuwa kimeshafanya nusu ya kazi.

JE, IKIBOMOKA?

Wengine watasema, nyumba zetu ni za tope, mvua mbili tatu picha imekwisha. Na tena sisi wenyewe ni wapitaji. Wenzetu wengine wamerudi nyumbani, wengine wamepelekwa Marekani, Kanada, Australia. Tunamchorea nani?

Tuwape mfano mwingine mfupi. Mwaka 1967, katika mji wa Chicago, wachoraji weusi walichora ukuta wa jengo chakavu katika mtaa wa watu weusi. Waliuita Ukuta wa Heshima. Waliwachora watu wao waliokuwa hawaonekani kwenye mabango ya mji, kina Muhammad Ali, Malcolm X, wanamuziki, waandishi. Watu wa mtaa walitoka majumbani kuja kutazama, na walisimama pale kuongea. Jengo lile liliungua mwaka 1971, kisha likabomolewa. Ukuta uliishi miaka minne tu. Lakini katika miaka hiyo michache watu wa mitaa mingine na miji mingine walikuwa wameshaona kwamba jambo hili linawezekana, nao wakaanza kuchora kuta zao. Ukuta ulianguka, watu walishajifunza.

Nyumba ya tope haidumu, lakini mama zetu wameisiriba kila mwaka bila kuuliza itadumu miaka mingapi. Picha nayo itasiribwa na kuchorwa upya. Na kila inapochorwa upya, watoto wengine wanashika brashi na kusikia habari ile tangu mwanzo. Kwa familia inayosafiri, ipigeni picha kwa simu muende nayo. Huko ugenini mtoto ataonyesha darasani.

KAZI YENYEWE

Kwa wale ambao wameshaanza kuwashwa mikono, hii hapa namna ya kuanza.

Kwanza, ruhusa. Ukuta una mwenyewe, iwe ni shule, kituo cha vijana au zahanati. Mwenyekiti wa kijiji apeleke ombi pamoja na karatasi ya mchoro kwa shirika linalosimamia jengo na kwa ofisi ya mkuu wa kambi. Msichore kwanza halafu mkaomba.

Pili, wakati. Chagueni kiangazi, mwezi wa sita hadi wa tisa. Ukuta wa tope usiribwe upya na uachwe ukauke kabisa. Tope bichi likipakwa rangi, rangi inabanduka. Tafuteni ukuta ambao bati au nyasi zake zimetokeza nje, ili mvua isiupige moja kwa moja. Chini kabisa, kama nusu mita, pakeni rangi moja nzito bila picha, kwa sababu hapo ndipo matone ya mvua yanaporushia matope.

Tatu, rangi. Mkipata rangi ya dukani, sawa. Mkikosa, msikae bure. Udongo mwekundu tunao, udongo mweupe unapatikana, mkaa kila nyumba ina. Saga, chekecha kwa kitambaa, changanya na uji mzito kidogo wa muhogo ili ishike. Hata jirani zetu wa mashariki mwa Rwanda, sehemu za Gisaka, wana sanaa yao ya imigongo tangu zamani. Wanafinyanga mistari kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, halafu wanapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu, rangi ambazo zamani zilitoka kwenye vitu vya asili, na inapendeza sana. Lakini tafadhali, wazazi, watoto wasipasue betri za redio kutafuta rangi nyeusi. Mle ndani mna sumu. Mkaa unatosha.

Nne, kukuza mchoro. Chora picha kwenye karatasi, ipigie mistari iwe miraba midogo. Ukutani piga miraba mikubwa yenye idadi ile ile, kwa kamba iliyopakwa unga wa mkaa, kama mafundi wa nyumba wanavyofanya. Halafu kila mtoto anapewa mraba wake anakili kilichomo. Hata asiyejua kuchora ataweza. Na wale wasioweza kabisa watachota maji, watasaga rangi, watashika ngazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tano, mlinzi. Siyo sungusungu, hapana. Tunasema mtu au familia itakayoutazama ukuta kila baada ya mvua na kuwaita wenzake pakibanduka. Ukuta usio na mwenyewe baada ya mwaka ni uchafu.

TUONGEE NYUMBANI

Jioni hii, baada ya chakula, jaribuni maswali haya na watoto wenu. Msiwajibie haraka.

Ukipewa mraba mmoja tu wa ukuta, ungechora nini cha nyumbani kwa babu na bibi?

Tulipokuja hapa, nani alitusaidia kwanza? Alifanya nini?

Kuna kitu gani cha hapa kambini ambacho ungependa watoto wako waje wakijue?

Na wazazi, hili ni lenu peke yenu, watoto wakilala. Ni jambo gani mmeliogopa kulisimulia, na linahitaji nini ili lisimulike?

Majibu ya watoto tuleteeni, hasa michoro yao, hata kama ni ya kalamu ya mkaa juu ya kipande cha mfuko wa unga. Tutachagua michache tuitoe katika toleo lijalo. Majina ya familia hatutayaandika, tutaandika zoni tu. Na kijiji kitakachokaa kikao chake kwanza, tutakuja kukaa nacho, tusikilize, tushike daftari.

Mwezi ujao tutaongea kuhusu wajukuu wanaolelewa na bibi zao. Mabibi, jiandaeni, tunakuja kuwauliza.

Kaeni salama, na msalimiane.